Kituo kimemrudisha mwanangu kwa homa, sasa wanataka barua ya daktari. Nifanyeje?

Mama_wa_Tabata
Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri, hasa wenye watoto vituoni na mnaofanya kazi hospitali.

Mwanangu ana mwaka na miezi minane. Yuko kituo cha kulelea watoto hapa jirani tangu dada aliyekuwa ananisaidia alipoolewa. Kituo nakipenda, mtoto anakula na anarudi anaimba. Juzi usiku alichemka. Saa kumi na moja alfajiri nikampa Panadol ya maji, akapoa, akacheza, nikampeleka, nikakimbilia daladala. Saa tano simu: mtoto ana nyuzi 38.9, njoo umchukue. Nimemkuta chumba cha pembeni na mlezi mmoja, analia mpaka sauti imekauka. Iliniuma sana.

Jana wametuma ujumbe kwenye kundi la wazazi: mwenye homa, kuhara, kutapika, vipele au macho mekundu asiletwe, na akirudi aje na barua ya daktari. Ada ya siku alizokosa hairudishwi. Kazini nimeomba ruhusa mara tatu tangu mwezi uliopita na bosi ameanza kuninunia. Nigombane nao au nihame? Na nikiri, ile dawa nilimpa nikijua kabisa nampeleka kituoni.

Nesi_wa_Zamu
Pole mama. Kwanza mtoto: umempima malaria? Homa ya mtoto mdogo huku kwetu haikisiwi. Kipimo cha kidole hakizidi nusu saa pale zahanati. Akikutwa nayo na si kali atapewa dawa mseto, dozi sita kwa siku tatu, na umalize hata akichangamka siku ya pili. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea haamki, usingoje kupambazuke.

Panadol inashusha homa kwa saa nne hadi sita, haiondoi kilicholeta homa. Hesabu kuanzia saa kumi na moja utaona kwa nini walikupigia saa tano.

Sisi tunawaambia wazazi hivi: homa iwe imeisha saa 24 bila dawa ya kuishusha. Kuhara na kutapika, saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga, mpaka vipele vyote vikauke. Surua, siku nne zipite tangu vipele kutoka. Malaria haihami kutoka kwa mtoto kwenda kwa mwenzake, kwa hiyo akipata nguvu na homa ikaisha, arudi. Makamasi peke yake, mtoto anakula na anacheza, mwacheni aende.

Barua kwa kila homa siungi mkono. Mnatujazia foleni, na mtoto aliyekwisha kupona anakuja kukaa benchi moja na wanaokohoa.

Baba_Pacha
Mimi ningehama. Ada nalipa mwezi mzima, mtoto akiumwa nabaki naye mimi, na pesa hairudi. Wanamsaidia nani?

Mlezi_Mkuu
Baba Pacha, nina kituo Mbagala, ngoja nikujibu kwa moyo mweupe. Mshahara wa walezi, kodi na mkaa havipungui mtoto mmoja akibaki nyumbani. Ningerudisha pesa kwa kila siku ya homa ningefunga mwaka wa kwanza.

Sasa sikilizeni upande wa ndani. Nina watoto 14 na walezi wawili. Mwaka juzi mzazi mmoja alimleta mtoto anahara, akasema ni meno. Jumatatu hiyo. Kufika Alhamisi walikuwa wanahara tisa, na mlezi wangu mmoja naye kalala. Anayebadilisha nepi ndiye anayegawa uji. Ananawa kwa sabuni, ndiyo, lakini nepi zikifuatana na watoto wanalia, siku moja atasahau. Katoto ka miezi saba kalilazwa kwa kuishiwa maji. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Macho mekundu yalipoenea Dar Januari 2024 nilikuwa nimeshaandika kanuni na wazazi wameweka sahihi, hakuna aliyebishana. Na nyingine: dawa sipokei kwenye mkoba bila maelezo. Iwe na jina la mtoto, kipimo na saa, naandika daftarini. Kadi ya kliniki naiangalia siku ya kuandikishwa, hasa chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18.

Mama wa Tabata, kumtenga akiwa na mlezi wa kukaa naye ndivyo inavyotakiwa. Hawakumwadhibu. Ila barua kwa kila kitu wamezidisha. Ombeni kikao, muwape saa alizoandika Nesi.

Fundi_Mikataba
Kuhusu bosi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inakupa angalau siku 4 zenye malipo mtoto akiugua. Anaweza kudai uthibitisho, kwa hiyo karatasi ya zahanati itunze. Ubaya wake, mzunguko ni miezi 36, siyo mwaka. Siku 4 kwa miaka mitatu mtoto wa kituoni anazimaliza kwa msimu mmoja wa mvua. Tafuta mapema mtu wa pili wa kubaki naye, mpangiane zamu na baba yake kabla hajaugua tena.

Mama_wa_Tabata
Ahsanteni sana. Nimetoka zahanati, malaria hana, ni sikio la kushoto. Ameandikiwa dawa asubuhi na jioni, kwa hiyo kituo hakitahitaji kumpa. Mlezi Mkuu, habari ya yule wa miezi saba nimeisoma mara mbili. Baba yake atabaki naye kesho, mimi keshokutwa. Kikao nimekiomba, mwenye kituo amekubali Jumamosi. Nikifika nitaanza kwa kumwambia ukweli kuhusu ile Panadol ya alfajiri, ndipo tuzungumze barua.