Nimebadilisha taa na pampu pamoja, tumbawe langu la yufilia limejikunja, nianzie wapi?

mtanga_ughaibuni

Wakuu habari zenu. Mi nipo Coventry huku Uingereza, nina tenki la maji chumvi la lita 225 kwa vipimo vya kioo, ukitoa mawe na mchanga maji yenyewe yanabaki kama 190 hivi. Lina mwaka na nusu sasa. Ndani kuna matumbawe, yaani yufilia moja ya vichwa vinne (ile ya ncha kama nyundo), zoa jiwe zima na montipora ndogo ya sahani, pamoja na samaki nemo wawili.

Jumamosi mbili zilizopita nikapata hela kidogo nikanunua taa mpya ya LED maana ile ya zamani feni yake ilikuwa inalia kama bodaboda iliyokatika ekzosi, na hapohapo nikabeba pampu ya mawimbi ya lita 10,000 kwa saa, niliyokuwa nayo ni ya 4,000. Nikafunga vyote siku hiyohiyo. Taa nimeweka asilimia 80 rangi zote, saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni. Pampu iko full, haizimi.

Tangu siku ya tatu yufilia imejikunja, ncha zimelala upande mmoja kama bendera kwenye upepo, na kichwa kimoja nyama imeanza kuachia naona mfupa mweupe. Zoa za juu ya jiwe zimepauka, za chini ziko poa tu. Vipimo: chumvi 1.025, joto 25.5, alkaliniti 8.4, nitreti 5, fosfeti 0.05. Niongeze dozi ya kitu gani? Mke kashasema nikileta chupa nyingine ataimwaga.

fundi_pampu

Msikilize shemeji, usiongeze chupa yoyote, vipimo vyako havina shida kabisa. Shida ni kwamba umebadilisha vitu viwili siku moja alafu unatuuliza kipi kimeleta maneno, sasa sisi tutajuaje mkuu?

Mi naanza na pampu. 10,000 jumlisha ile pampu ya kurudisha maji toka kabati la chini tuseme 1,500, gawa kwa 190, unapata maji yanazunguka mara 60 kwa saa, na zamani ulikuwa kwenye mara 29. Tenki la mchanganyiko kama lako watu wengi wanakaa kati ya 20 na 40. Ila hiyo namba isikuumize kichwa sana, mimi nina akropora (matumbawe magumu ya matawi) zinakula mara 70 na zinanenepa, kinachoua yufilia ni mkondo mmoja ulionyooka unaompiga sehemu ileile saa zote. Mfupa wake una kingo kali kama kisu, nyama ikisuguliwa hapo kutwa inachanika, ndo huo weupe unaouona.

Fanya hivi leo: chukua chembe za chakula cha samaki, zisage kwa vidole, mwaga kidogo mbele ya pampu kisha kaa chini uangalie zinaelekea wapi. Zikienda mstari mmoja kama risasi mpaka kwenye yufilia, umepata jibu. Geuza pampu itazame kioo cha mbele au ipige juu karibu na uso wa maji, mkondo ugonge ukatike ndo umfikie. Alafu ishushe mpaka asilimia 40 na uweke ile hali ya kubadilika-badilika, sio full ya moja kwa moja. Na uangalie pia chembe zinapotua zikalala, hapo mkondo haufiki na uchafu utajaa.

Chewa_Mkubwa

Fundi nakuheshimu ila wewe kila ugonjwa kwako ni pampu 😂. Zoa zimepauka JUU tu, za chini ziko poa. Pampu haichagui hivyo, huo ni mwanga.

Mtanga, asilimia 80 rangi zote masaa 12? Hiyo unaanika mihogo. Ndani ya nyama ya tumbawe kuna vijimwani vidogo vinavyompikia chakula kwa mwanga, ukivimwagia mwanga mwingi kwa ghafla vinazidiwa, mwenyewe anavitema, anabaki mweupe. Mwanga ukiwa mdogo inakuwa kinyume, anakuwa kahawia na zoa zinarefusha shingo kutafuta juu. Zako zimerefusha shingo? Hazijarefusha. Basi.

Tafuta kipimo cha PAR (kiasi cha mwanga ambao vijimwani hivyo vinautumia), huko Uingereza kuna maduka na klabu za wafugaji wanaazimisha au kukodisha, usinunue, ni ghali na utakitumia mara mbili tu maishani. Zoa na matumbawe ya uyoga zinatosheka na 50 mpaka 150, yufilia 80 mpaka 150, akropora ndo zinataka 200 mpaka 350. Usikadirie kwa macho maana bluu jicho linaiona hafifu wakati tumbawe linaila yote. Kwa sasa shusha taa mpaka 35, nyeupe iwe 10 tu (nyeupe nyingi ni kualika mwani kwenye kioo), masaa 8 au 9, kisha panda asilimia 5 kila wiki. Programu nyingi za taa zina sehemu ya kuzoesha matumbawe, iwashe ikufanyie yenyewe.

BintiWasini

Mi sina tenki, mi napeleka wageni kuzamia hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti huku Shimoni, pwani ya Kenya, kwa hiyo mnisamehe nikichangia cha baharini. Nyote wawili mko sawa.

Huku kwetu maji yanajaa masaa sita, yanakupwa masaa sita, na mkondo unageuka. Siku za bamvua maji yanapanda na kushuka mita 3 hivi na unavutwa kwelikweli, siku za maji mafu unaelea tu kama kwenye beseni. Hakuna tumbawe linalopigwa upande mmoja mwaka mzima. Na yenyewe yamegawana mtaa, yale ya matawi magumu yako kwenye ukingo mawimbi yanapovunjika, yenye nyama laini yamejificha nyuma ya mwamba palipotulia. Kaka Mtanga wewe umemchukua mwenye nyama laini ukamweka ukingoni.

Na jua vilevile. Saa sita mchana linawaka lakini ni masaa machache, asubuhi na jioni linakuja kwa mshazari, wingu linapita. Ukianza na bluu kidogo, ukapanda mpaka kilele cha masaa manne, ukashuka, utakuwa umewaiga. Kupauka nakujua, mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto matumbawe yalipauka pwani yote toka Kenya mpaka Mafia, wazee wanasema chini kulikuwa kama kumemwagwa chokaa.

mtanga_ughaibuni

Asanteni sana aisee. Nimefanya ile ya chembe za chakula, zimekwenda kama gari moshi moja kwa moja mpaka kwenye kichwa kile kilichochanika. Fundi 1. Alafu jana nilizima pampu nilishe, nikasahau kuiwasha karibu saa nzima, narudi naikuta yufilia imefunguka vichwa vitatu! Sikuamini. Nimegeuza pampu itazame kioo, nimeshusha 40. Taa pia 35 kama Chewa alivyosema, najua ni bora kubadilisha kimoja kimoja ila nimeogopa kusubiri.

Jiwe la zoa naweza kulitoa nisugue mwani? Kuna jamaa kaniambia nilichemshe. Na dada Wasini, nikija Tanga Desemba naweza kurudi na kipande?

Chewa_Mkubwa

USICHEMSHE JIWE LA ZOA!! Zina sumu inaitwa palitoksini, mvuke wake umelaza watu hospitali familia nzima. Vaa glavu na miwani, sugua ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, usisugulie hewani.

BintiWasini

Hapana kaka, hata kipande. Ni marufuku, na matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini), utalala uwanja wa ndege. Njoo uyaangalie tu, leta miwani ya kuzamia.

mtanga_ughaibuni

Mrejesho, wiki ya nne. Zoa za juu rangi imerudi kama nusu, taa iko 50 sasa, nilikodi kipimo nikapata 110 kwenye yufilia na 170 juu ya jiwe kwa hiyo jiwe nimelishusha. Vichwa vitatu vimefunguka vizuri, kile cha nne kimekufa, nimekikata. Ila nyuma ya mwamba kumeanza utando mwekundu kama kamasi.

fundi_pampu

Sayano hiyo, utando wa bakteria, mkondo haufiki huko. Ile ya 4,000 bado unayo? Ifunge nyuma, nguvu ndogo, itazame ukutani, na huo utando unyonye kwa mpira unapobadilisha maji.

mtanga_ughaibuni

Ninayo, iko chini ya kitanda. Shemeji yenu anajua niliiuza.