Kutoka Glenfiddich hadi Laphroaig nimekwama: nielekee wapi kwenye single malt?

Msafiri_TZ:
Wakuu, habari za jioni. Nimezoea Black Label na soda, na sasa nimehamia kwenye single malt za Scotland, yaani wiski za kimea cha shayiri kutoka kiwanda kimoja. Glenfiddich 12, ya miaka 12, naipenda, nainywa taratibu bila kuichanganya na kitu. Nikaambiwa hatua inayofuata ni Laphroaig 10. Nimeinunua, inanuka wodi ya hospitali, na haipiti kooni. Je, niilazimishe mpaka nizoee? Au niachane na moshi niende moja kwa moja kwenye chupa ya miaka 18? Na maji yanaongezwa kiasi gani, maana kila mtu ana lake? Niko Dar, kama joto nalo lina maana.

Shayiri Tupu:
Mkuu, ondoa kwanza kichwani hilo neno "hatua inayofuata". Single malt hazipangwi kama madarasa ya shule. Zinatofautiana kwa mambo makubwa matatu: moshi, pipa na kiwango cha kileo. Ukitaka ulimi ujifunze, badilisha jambo moja tu kila unapofungua chupa mpya, mengine yaache palepale. Wewe umetoka kwenye wiski isiyo na moshi ukaangukia mojawapo ya zenye moshi mkali kabisa kati ya zile zinazopatikana madukani kwa wingi. Pua haikupata cha kulinganisha nacho.

Harufu ya hospitali ina sababu yake. Shayiri ikishaota na kuwa kimea hukaushwa kwa moto, na kisiwani Islay, inakotoka Laphroaig, sehemu ya moto huo huwashwa kwa piti, yaani udongo wa kinamasi uliokatwa vipande kama matofali na kuanikwa. Moshi wake hubeba fenoli, na fenoli ni ukoo uleule wa kemikali zinazotumika kwenye dawa za kuulia vijidudu. Hupimwa kwa sehemu kwa milioni kwenye kimea, na kwa viwanda vya Islay ni hivi: Bowmore takriban 25, Lagavulin 35 hivi, Laphroaig 40 hadi 45, Ardbeg karibu 55.

Lakini namba hiyo usiitegemee kupita kiasi. Inapima kimea, haipimi kilichomo kwenye chupa. Lagavulin na Caol Ila, kiwanda kingine cha Islay, huchukua kimea chao chenye moshi kutoka sehemu moja, kiwanda cha kimea cha Port Ellen, na bado Caol Ila hutoka nyepesi na safi zaidi kwa sababu ya mitungi yake ya shaba ya kukenekea na namna inavyoendeshwa. Isitoshe, fenoli nzito huchelewa kutoka wakati wa kukeneka. Kiwanda kinachoendelea kukinga kileo kinachotoka kwa muda mrefu kabla ya kukata, yaani kuacha kukinga, hupata moshi mzito, kinachokata mapema hupata mwepesi.

Kwa hiyo usiilazimishe. Pita hivi: Highland Park 12 ya Orkney, yenye moshi mwembamba na utamu wa asali, halafu Bowmore 12, halafu Caol Ila 12, ndipo urudi Laphroaig. Ukifika Caol Ila hutakuwa mgeni, maana ni mojawapo ya malti zinazoingia kwenye Johnnie Walker. Ule moshi unaousikia kwa mbali kwenye Black Label unatoka kwenye wiski za aina hiyo.

Tena usinunue moshi kwa kutazama jina la eneo peke yake. Bunnahabhain 12 ni ya Islay hiyohiyo na haina moshi wa kusema, wakati Ardmore ni ya Highlands na inao.

Nasra_Mvita:
Kaka Msafiri, joto lina maana kubwa sana. Chumba kikiwa nyuzi 30, alkoholi hupanda puani kwa fujo na kufunika kila kitu. Wiski hunusika vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 20 hivi. Kama huna kiyoyozi, mimina, funika glasi kwa kisahani ili isinyonye harufu za chakula, iweke kwenye friji dakika kama kumi. Usiiweke kwenye friza. Barafu nayo huua harufu, halafu ikiyeyuka unakuwa hujui umeongeza maji kiasi gani.

Glasi iwe na tumbo na mdomo unaobana, kama Glencairn; usipoipata, glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Isuuze kwa maji matupu, kwani mabaki ya sabuni huharibu harufu kabla hujaanza. Mimina mililita 15 hadi 20, iache itulie dakika kumi. Usiizungushe kwa nguvu kama mvinyo. Ianzie kidevuni, ipandishe polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo, na simama pale inapoanza kuchoma. Funda la kwanza liwe dogo, kazi yake ni kuuzoesha mdomo kileo tu. Hukumu anza na la pili. Chakula cha pilipili na kahawa viwe mbali na saa hiyo.

Maji: nunua bomba la sindano la mililita 5 duka la dawa, bila sindano yenyewe. Kwenye toti ya mililita 30 yenye asilimia 46 ya kileo, mililita 4.5 za maji zinaishusha hadi 40. Kama ni wiski iliyotoka kwenye pipa bila kupunguzwa, tuseme asilimia 60, mililita 9 zinaifikisha 46. Ongeza nusu mililita, nusa, onja, ongeza tena. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo. Ya bomba yana klorini, na yenye gesi yanaleta ukali usiohusika.

Kapu la Mwaloni:
Hapo kwenye maji naongeza jambo, dada Nasra. Glenfiddich 12 ya asilimia 40 imekwisha kupunguzwa maji kiwandani hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kisheria. Kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kwenye toti ya 30 kinaishusha hadi 34 hivi na inapwaya. Kwenye chupa za 40 ongeza matone tu, au acha kabisa. Maji yana faida zaidi kuanzia 46 kwenda juu.

Na usishtuke wiski ikiwa na ukungu baada ya kuipoza au kuitia maji. Si feki. Ni esta na asidi za mafuta zinazojitenga. Viwanda vingi huzichuja kwa baridi ili wiski ibaki ang'avu, na baadhi yetu tunaona uchujaji huo unaondoa uzito mdomoni. Ndiyo maana chupa ambazo hazijachujwa hivyo, kama Ardbeg 10, mara nyingi huwa asilimia 46: kwenye kiwango hicho ukungu hauonekani kirahisi.

Msafiri_TZ:
Nashukuru sana wakuu. Habari ya miaka 18 je? Na hii Laphroaig iliyofunguliwa itaharibika nikiisubirisha?

Kapu la Mwaloni:
Kwa sasa iache ya miaka 18. Umri kwenye lebo ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo chupani, na unasema imekaa muda gani, hausemi imekaa kwenye pipa la namna gani. Pipa lililokwisha kutumika mara nyingi linaweza kukaliwa miaka 18 na kutoa kidogo. Pipa lenye nguvu likikaliwa muda huohuo linaweza kuleta ukakasi wa mbao. Sheria ya wiski ya Scotland ya 2009 inataka angalau miaka mitatu, ndani ya Scotland, kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700. Bei ya umri ina sababu, kwani kila mwaka takriban asilimia 2 huvukia hewani, ila ulimi ambao haujajua pipa hauwezi kuona ulichokilipia.

Jifunze pipa kwanza. Weka Glenlivet 12 kando ya Glendronach 12. Umri sawa, zote hazina moshi, ya kwanza asilimia 40 na ya pili 43. Glenlivet inaegemea mwaloni wa Marekani: vanila, tufaha, utamu mwepesi. Glendronach imekaa kwenye mapipa ya sheri, mvinyo wa Hispania: zabibu kavu, tende, viungo. Katika jozi hiyo utaelewa mengi kuliko kwenye chupa moja ya bei kubwa. Rangi usiihesabu, sheria inaruhusu karameli ya E150a.

Shayiri Tupu:
Laphroaig haiharibiki haraka. Iweke wima, kwa sababu kileo kikali hula kizibo cha gome na kukifanya kikatike. Iwe kabatini gizani, mbali na jiko, na usiiweke juu ya friji, pale pana joto la mashine. Ikibaki zaidi ya nusu, miezi kadhaa haina neno. Ikishuka chini ya theluthi moja, hewa iliyomo huanza kuipunguza makali. Ihamishie kwenye chupa ndogo safi ya kioo, ijae hadi shingoni. Kizibo kikikatika, chuja kwa karatasi ya kahawa.

Unapoirudia, ianze baada ya Caol Ila siku hiyohiyo, kamwe isitangulie. Zisizo na moshi kwanza, zenye moshi mwisho. Moshi ukishakaa mdomoni, Glenlivet itaonekana maji matupu. Maji ya kunywa na mkate mkavu viwe katikati. Vionjo vinne vya mililita 15 ni toti mbili kamili, kwa hiyo funguo za gari ziache nyumbani.

Nasra_Mvita:
Kabla hujalipa dukani, kagua stempu ya kodi, TRA kwenu au KRA huku, uone kama mfuniko umekaza na kama ujazo unalingana na chupa za jirani. Kama unaweza, changianeni watu saba: chupa ya mililita 700 inatoa vichupa saba vya mililita 100, vya kioo. Kwa utaratibu huo Highland Park, Bowmore, Caol Ila na ile jozi ya Kapu utazionja zote kwa gharama ndogo kuliko kununua chupa nzima ya kila moja.