Krismasi: twende ushago na watoto au tubaki Nairobi?

Mama_Pipeline
Hamjambo wote. Mwaka huu mambo ni magumu, mume wangu hana kazi ya mjengo tangu mwezi wa tisa na mimi nina kibanda tu cha mboga. Twende kwao ushago tarehe 23 kama kawaida, au tubaki hapa tutume kitu kidogo kwa M-Pesa? Tiketi lazima nikate wiki hii.

Dere_Mstaafu
Dada, ushago ni wapi? Murang'a na Busia si safari moja. Watoto ni wangapi? Na mkononi una ngapi?

Jirani_Umoja
Hata kabla hajajibu, mimi nasema bakini. Nauli si kitu, shida ni vile utabeba. Ukishuka stejini kila mtu anajua umetoka Nairobi: sukari ya huyu, leso ya yule, na wajomba wanangoja ya soda.

Mama_Pipeline
Pole, nilisahau. Ni Bungoma. Watoto watatu, mkubwa ana miaka 11, mdogo bado wa kubebwa. Nina 14,000, na kodi ya Januari haimo humo. Jana niliulizwa 2,500 kila kiti.

Dere_Mstaafu
Viti vinne ni 10,000 kwenda tu! Siku hizo gari linatoka Nairobi limejaa na kurudi tupu, kwa hivyo wewe unalipia na ule urudio. Ngoja tarehe 26 au 27, itashuka. Lakini rudini kabla shule kukaribia kufunguliwa, maana hapo anayekamuliwa ni wa kuja Nairobi.

Kachero_Kawangware
Na usiamini tiketi. Mwaka fulani nilikata mapema basi la usiku la Webuye, nikajiona mjanja. Kufika stendi ya Machakos Country Bus, hapa hapa Nairobi, karani anatazama karatasi yangu, anatazama daftari, eti viti vyangu vina watu tayari. Viliuzwa mara mbili. Mke akaketi juu ya mzigo, mtoto akalala ndani ya lile beseni tulilokuwa tunampelekea mama. Saa saba usiku wakatuletea matatu ya kutusaidia, na kila kiti tuongeze mia tano. Njiani, pale Kinungi, mkanda wa injini ukakatika. Baridi ya Kinungi mnaijua? Tuliingia nyumbani saa kumi jioni ya Krismasi, kuku ameshaliwa, tumewekewa supu na shingo. Pesa za tiketi ya kwanza sijarudishiwa hadi leo.

Mama_Huruma
Pole, lakini hapo kwa shingo nimecheka. Mama Pipeline, ungana na wenzako wa ploti mnunue mbuzi mmoja soko la Kiamaiko mgawane, ila muende mapema, wiki ya Krismasi bei haishikiki. Unga wa chapati nunua sasa. Chapati na ndengu, watoto wakacheze Uhuru Park, siku imeisha.

Jirani_Umoja
Ndengu Krismasi? Hicho si chakula cha Jumanne? Nunua kuku.

Mama_Huruma
Kuku gani, wa gredi? Huyo anayeyeyuka kwa sufuria kabla maji hayajachemka?

Mjukuu_wa_Webuye
Mnabishania kuku na mtu ana 14,000. Mama, hizo pesa zitaisha hapa Pipeline hata usiposafiri. Bungoma saa hii mahindi yameshavunwa. Mkikaa huko mnakula ya shamba, na mnarudi na gunia la kuwavusha Januari. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, usiiguse.

Dere_Mstaafu
Gunia nalo lina nauli yake, usimdanganye.

Mama_Pipeline
Mume anasema twende, mama yake ameshatenga jogoo. Mimi bado napiga hesabu. Hilo gunia makanga hulipisha ngapi?

Dere_Mstaafu
La kilo 90 au yale madogo?

Jirani_Umoja
Jogoo wa kienyeji, sasa hapo ndipo nilikuwa nasema.