Eti uwanja wa ndege wa Mombasa ulijengwa kupigana na Mjerumani?

MtotoWaMagongo:
Shikamooni wakubwa. Mimi nimekulia Magongo, ndege zinapita juu ya bati letu tangu nikiwa mchanga. Jana kijana wangu karudi na kazi ya shule, aandike historia ya uwanja wa ndege wa Moi. Mwalimu kawaambia Mwingereza aliujenga ili apigane na Mjerumani kule Taveta. Hapo nina shaka. Halafu hili jina la zamani la uwanja, Port Reitz, huyo Reitz ndiye nani?

MzeeWaKilindini:
Marahaba mwanangu. Mjerumani kuingia Taveta ni vita vya kwanza, 1914. Uwanja wetu ni wa vita vya pili, na waliousawazisha ni wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini.

Tena aliyewaleta wanamaji pale ni Mjapani. Aprili 1942 ndege zake zilipiga Colombo na Trincomalee kule Sri Lanka, Mwingereza akaona manowari zake zisogee Kilindini. Kuanzia Agosti mwaka uleule, ndege za manowari zikawa zinashukia Port Reitz.

Utaniuliza: manowari yenyewe imebeba ndege, uwanja wa nini? Meli ile haiwezi kurusha ndege ikiwa imetia nanga. Lazima iende mbio ikiukabili upepo, ndipo ndege iinuke. Ikishafunga gatini, ndege zote zimegeuka mizigo. Basi kabla haijaingia mlango wa Kilindini, marubani huruka wakaja kukaa nchi kavu. Ikitoka, huifuata hukohuko baharini.

Wanamaji wa Kiingereza wana desturi ya kukipa kituo cha nchi kavu jina kama la meli. Hiki chetu kiliitwa HMS Kipanga. Karakana yao ya ndege Nairobi ikawa HMS Korongo. Aliyewachagulia alijua ndege zetu, maana kipanga si ndiye anayeshuka ghafla akaondoka na kifaranga!

Marehemu baba akiwauzia madafu njiani. Alinisimulia ndege za mabawa ya ghorofa mbili, zimevikwa kitambaa, na zikishatua mabawa hukunjwa nyuma kama ya panzi. Siku moja baharia mmoja kanywa dafu, mfukoni hana senti. Akang'oa kifungo cha koti lake, cha shaba, kina nanga na taji juu yake. Miaka ya hamsini mama akakishona kwenye kaptura yangu ya skuli. Darasa zima lilikuwa linataka kukigusa.

BintiJomvu:
Shikamoo mzee. Bibi yangu alikuwa akiitaja meli ya Khedive Ismail kila akisikia habari za vita. Ilitoka Kilindini Februari 1944 ikienda Colombo, imejaa wanajeshi wetu wa mizinga na wauguzi wa kike. Nyambizi ya Kijapani ikaizamisha tarehe 12 karibu na Maldivi, watu zaidi ya 1,200 wakafa. Bibi alikuwa anasema ilizama upesi kuliko mtu kumaliza kufunga mkaja.

MzeeWaKilindini:
Marahaba binti. Ndiyo hiyohiyo bahari, na huyohuyo Mjapani.

MtotoWaMagongo:
Mungu awarehemu. Mzee, na Reitz?

MzeeWaKilindini:
Nilimsahau. Luteni wa jeshi la wanamaji la Kiingereza. 1824 Wamazrui wa Mombasa waliomba bendera ya Mwingereza iwakinge na Sultani Said wa Oman. Kapteni Owen akaipandisha, akamwacha Reitz awe mkuu hapa. Kijana wa watu akafunga safari kwenda Pangani, homa ikamshika, Mei akafa. Hakutimiza hata miezi minne. Yeye hakuwahi kuiona ndege, lakini jina lake ndilo liliubeba uwanja hadi walipoupanua 1979 ziweze kutua ndege kubwa za kimataifa. Hapo ndipo hasa Mjerumani wa mwalimu wa kijana wako alipokuja kwa wingi: kavaa kofia ya jua, anaulizia gari la Diani.

MtotoWaMagongo:
Haha, hiyo lazima kijana aiandike. Ile njia ndogo ya kurukia ndege inayokatiza ile kubwa pia ni ya enzi hizo? Na kifungo bado unacho, mzee? Ningependa akione.

MzeeWaKilindini:
La kifungo naweza kukujibu. Kilining'oka nikicheza mpira Chaani, nyasi zilikuwa ndefu kufika magotini. Tulitafuta mpaka magharibi. Mama alinichapa, na mechi tulifungwa.