MREJESHO: Niliachishwa kazi, nikaiuliza programu ya akili mnemba

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kama niiamini programu ya akili mnemba kuhusu haki zangu baada ya kuachishwa kazi bila notisi. Jibu: nusu nusu. Ilinipeleka kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: anayelipwa kwa mwezi, notisi siku 28; kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Nikafungua TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, kweli vimo. Ila "kesi" mbili ilizonitajia sikuziona hata kwa tochi! Kilichoniokoa ni lile onyo lake la siku 30 za kufungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi). Nilipeleka fomu siku ya 26, jasho linanitoka. Usuluhishi ni Alhamisi.