Naomba ushauri: taarifa za watumishi na akili mnemba

Wakuu habari za asubuhi, na shikamooni kwa wanaostahili.

Niko ofisi ya utawala ya chuo kimoja hapa Dodoma. Kila mwezi naandaa taarifa za watumishi: waliopanda cheo, waliohamia, waliostaafu, misiba. Tangu tufundishwe akili mnemba (nusu siku tu, na projekta ikagoma), rasimu yangu naibandika ChatGPT inyooshe lugha. Kazi ya siku mbili naimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Sasa mwezi uliopita ilimwongezea mstaafu mmoja shahada ya uzamili ambayo hana! Niliiona kabla ya kusambaza, ila jasho lilinitoka. Halafu nawaza, majina na vyeo vya watu navipeleka nje ya ofisi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nimejaribu kuweka A, B, C badala ya majina, nikirudisha nachanganya. Bosi nilipomuuliza alisema "tumia busara".

Mnaofanya kazi kama hii, majina mnayaficha vipi bila kuchanganya? Na mwongozo wa maandishi niuombe Utumishi au TEHAMA?