Tupeane uzoefu: mtoto wako alijifunzaje kutunza kitu anachokipenda?

Mama Binti, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Binti yangu yuko gredi ya kwanza. Mjomba wake alimnunulia baiskeli ya mtumba pale Kibuye, na anaipenda hadi anataka ilale kando ya kitanda. Kuitunza sasa, hakuna. Akishuka anaibwaga hapo hapo, mvua ya jioni inaikuta uani, na cheni imeanza kushika kutu. Baba yake anasema tuifungie stoo. Nyinyi mlifanyaje? Nipeni yaliyowatokea, ushauri wa vitabuni ninao tayari.

Fundi Baiskeli, Busia
Stoo hapana. Huku kwetu ndiko boda boda ilikoanzia, na ilianza kwa baiskeli, watu wakivushwa mpaka. Baiskeli tunaiheshimu! Kijana wangu nilimpa kitambaa chake na mswaki mkuukuu. Yeye husugua matope kwenye cheni na kuikausha. Mafuta natia mimi, tone kwa tone, huku yeye akizungusha pedali kinyumenyume, halafu anafuta yaliyozidi, maana yakibaki yananasa mchanga, nao mchanga hula meno ya gia. Tairi anazibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kupanda. Juzi ameniambia ya nyuma imelegea, na mimi fundi nilikuwa sijaona. Mafuta ya taa tu ndiyo asiguse, hayo ni ya mtu mzima.

Mama Pacha, Nakuru
Mimi nilifungia na ikafaa, msinipige mawe. Mdoli alikuwa anaburutwa kwenye vumbi la hapa kwetu hadi nywele zikawa kamba. Nikamweka juu ya kabati, anashushwa baada ya kazi ya shule. Sasa wanamshika kwa adabu.

Baba wa Shinyalu
Mama Pacha, kwangu kufungia kungeharibu kitu chenyewe. Isukuti, ngoma yetu ya Kakamega, huwa ngoma tatu: baba, mama na mtoto. Babu alimpa mjukuu ile ya mtoto, kijana akiwa na miaka mitano. Uchezaji wake ndio UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliouweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na hapa kwangu adui wa kwanza alikuwa mtoto mwenye kijiti mkononi.

Babu hakumfokea. Alikitwaa kijiti, akaushika mkono wa mtoto na kuupigisha kiganja kwenye ngozi mpaka sauti ikatoka sawasawa. Kijiti hakijaonekana tena. Kilichobaki ni unyevu. Kakamega mvua haina msimu wa kupumzika, na ngozi ikilowa hulegea, sauti inakufa. Mvua ilipokatika, babu alimwambia aipige vile vile, asikie. Kijana akanuna: "Babu, mtoto ana mafua." Basi wakaianika juani kidogo, akaipiga tena, akacheka.

Tangu hapo yeye ndiye mwenye zamu ya kuianika. Anajua isikae karibu na moto wa jikoni, ngozi itapasuka, na hailali sakafuni kwa sababu ya panya. Babu amempigia msumari ukutani, chini kabisa, anapofika mwenyewe. Nadhani msumari ule ulifanya kazi kuliko maneno yetu yote. Ungekuwa juu, angekuwa anatungoja sisi.

Nyanya wa Ahero
Mwenzenu nina mzee wa miaka sitini anayeacha jembe mpungani usiku kucha. Huyo naye tumpigie msumari wapi?

Mama Binti, Kisumu
😂 Nyanya, huyo tumwache. Fundi, cheni iliyokwisha kushika kutu inaokoka?

Fundi Baiskeli, Busia
Kama pingili bado zinakunjika, isugueni kwa mswaki, tieni mafuta, ilale hivyo, asubuhi mfute. Zikiwa zimekwama, nunueni nyingine, na mwende naye dukani. Na hapo uani mtafutie kona yenye paa, asilazimike kuipandisha ngazi.